Mwalimu Phanuel Shitanda na Kioo cha Arobaini na Moja

Baba, leo tarehe 20 Juni 1998 umetimia mwaka mmoja tangu ututoke ghafla, na hapa Amalemba pengo lako bado liko wazi.

Ulifundisha kemia miaka ishirini na miwili. Mwanafunzi aliyekuja shuleni bila chakula uligawana naye chako, kisha ukarudi nyumbani na njaa ukijifanya umeshiba. Ulikuwa mpole kwa kila mtu, isipokuwa saa sita mchana. Siku za likizo jua likifika utosini ulipiga kelele uani: "Mama Ayuma! Wacha hiyo obusuma kwanza, kuja usome mshale!" Mama yetu, Priscah, alitoka jikoni akinung'unika, mikono imejaa unga wa ugali, akakusomea mita ya umeme.

Ulitaka kioo kidogo kishike jua na kutoa umeme. Ulibana vioo viwili, katikati unga mweupe uliolowa maji ya matunda ya zambarau na matone ya iodini. Umeme ulitoka, kidogo tu, lakini ulitoka. Shida ni kwamba vioo havikudumu. Jua lililovipa nguvu ndilo lililoviharibu, na majimaji ya ndani yalivuja pembeni yakakauka. Cha kwanza kiliishi siku mbili, cha ishirini wiki tatu. Tulikuona kanisani na vidole vya zambarau, tukaona haya, Mungu atusamehe. Cha arobaini na moja ulikiziba kwa gundi mpya, mshale ukapanda hadi kumi na nane, juu kuliko vyote. Siku ya nne ukatuacha.

Siku ya kunyoa nywele, baada ya mazishi, vitu vyako viligawanywa. Ndugu yako Shikanga alichukua koti, wengine baiskeli na viatu. Kioo hakuna aliyekitaka, kwa hiyo Mama alikifunga kwenye leso yake pamoja na mita na daftari.

Rafiki yako Daktari Mukhwana wa chuo kikuu, aliyekuwa akikuletea vioo, alimwomba Mama aendelee kukianika kioo na kuandika namba za mita kila saa sita. Akaandika. Agosti, kumi na nane. Mvua za El Niño zikaja, mawingu yakatanda wiki nzima, bado kumi na nane. Kurasa zile alizinakili akampelekea Daktari kwa posta. Mwezi wa nne mwaka huu Daktari akafika kwetu mbiombio.

"Shemeji, hiki kioo hakichoki! Marehemu ametushinda sisi wote. Nipe ruhusa niandike kwenye jarida la sayansi, na jina lake litangulie."

Jina lako, Baba. Ulilitamani hilo miaka yote, na Mama alilijua kuliko sisi. Angenyamaza tu, ungekuwa mtu mkubwa. Alitazama chai yake ikipoa, akaingia chumbani, akarudi na ile leso.

"Daktari, usiandike. Mimi sikuwanga naiweka nje. Imekaa kwa sanduku tangu tuzike. Hiyo kumi na nane ni yake, mimi nilikuwa narudia tu."

"Lakini kwa nini, shemeji?"

"Kwa jua ingekufa. Na ni yeye aliifunga na mikono yake."

Daktari hakumkaripia. Alimwambia kwamba namba za kweli, hata zikishuka, ndizo zitakazomsaidia atakayetengeneza kioo cha arobaini na mbili, halafu akamwachia aamue mwenyewe. Siku tatu Mama hakula vizuri. Ya nne alipanda kiti, akakiweka kioo juu ya paa la jiko, na kurasa zote za uongo akazipiga mstari mwekundu.

Kumi na moja. Tisa. Tisa. Sita. Kila saa sita alikuwa pale, wala hakuna aliyemwita. Tarehe 29 Mei mshale haukuinuka. Aligonga mita, akapangusa kioo, akangoja wingu lipite. Kisha akaandika sifuri kwa mwandiko wake mzuri, akaketi chini uani, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike akalia kwa sauti yake yote. Majirani walikuja mbio wakiuliza nani amefariki.

Tukawaambia ni wewe.

Unakumbukwa na mkeo Priscah, wanao Ayuma na Wanjala, ndugu yako Shikanga na rafiki yako Mukhwana. Hutatutoka moyoni, Baba, maadamu tu hai.