Milango ya Mninga wa Zizini

Itilima, Simiyu

Mke wangu Mama Neema,

Kamwene. Nakusalimu wewe, na huyo wa mgongoni ambaye bado hana jina. Kitovu kimeshakauka? Neema anamwonea wivu mdogo wake, au anagombania kumbeba? Mimi mwili ni mzima. Najua umenuna, na una haki. Mwanaume gani anapata mtoto wa kiume halafu anabaki Usukumani kuranda mbao, wakati kwao wanamsubiri yeye alitamke jina? Kwenye simu nashindwa kueleza, maana mama mkwe huweka spika. Ndiyo maana nimeandika na kumpa kondakta wa basi la Makambako.

Kazi ni ile ya makabati ya jikoni kwa Mwalimu Kabula. Anamjengea mama yake mjane jiko la kisasa kijijini, nje kidogo ya Lagangabilili, bibi aachane na mafiga. Alitaka MDF kwa sababu inang'aa kwenye picha. Nikamwambia, mwalimu, hiyo ni unga wa mbao ulioshindiliwa, ikipigwa na mvuke wa ugali inavimba kama andazi. Akasema basi tuagize msonobari wa kwenu. Mimi niliyelelewa na msonobari nikaukana mchana kweupe: unafika huku mbichi, jua la Simiyu linaunyonya, mlango unajikunja na haufungi tena. Mkaratusi nao unapasuka. Jiko linataka mninga mkavu, mzito, ambao mchwa wanaupitia mbali. Lakini mninga mkavu siku hizi utaupata wapi?

Niliupata hapo hapo nyuma ya nyumba. Kuna zizi la zamani, ng'ombe walishauzwa, umebaki ua wa minyaa. Mlangoni kulikuwa na nguzo nene na miti mirefu ya kukingama, ile inayosukumwa jioni mifugo ikishaingia. Nikakwangua kwa kisu, na chini ya kijivu ikatoka rangi nyekundu. Moyo ulinichanua. Mwalimu akasema, "Chukua tu fundi, ng'ombe wenyewe wako wapi?" Bibi alikuwa Bariadi anamuuguza dada yake. Wanasema mgeni ana macho lakini haoni, na huyu mwenyeji wangu naye alikulia shule za bweni.

Sijawahi kupasua mbao kama ile. Haikupinda hata unywele. Ilitosha milango yote na fremu zake, nikaweka bawaba nzuri na sumaku, ikawa inajifunga yenyewe kwa sauti ndogo. Nilijisifu mpaka nikajionea aibu.

Bibi aliporudi hakugomba. Alisimama kwanza pale zizini penye pengo, kisha akaja jikoni akaweka kiganja juu ya kabati. "Mwadila, ng'wanawane," akanisalimu kwa upole, akiniita mwanangu. "Nani alivuta ile miti?"

Nikasema ni mimi.

Akaniambia mumewe amezikwa mle zizini, kama wenye miji wa zamani walivyozikwa, na tangu afe yeye bibi amekuwa akisukuma ile miti kila magharibi, ng'ombe wawepo wasiwepo. "Huku kwetu aliyefungua ndiye anayefunga," alisema. "Ni kazi yako sasa."

Nikacheka kidogo, kicheko cha adabu. Asubuhi nikakuta makabati yote yako wazi. Nikasingizia upepo, nikabadilisha sumaku. Kesho yake yako wazi tena, na milango kwa ndani imelowa, ina uvuguvugu, kama pua ya ng'ombe ilikuwa pale sasa hivi. Mbao iliyokauka miaka yote ile haitoi jasho, Mama Neema. Hilo nalijua kuliko ninavyojua kusali. Vikombe vilinuka maziwa mabichi. Mwalimu Kabula alivifuta bila kunitazama, akarudi zake mjini, na tangu siku hiyo anapiga simu tu.

Basi jioni nikaanza kufunga kwa mkono, mlango mmoja mmoja, bibi akiwa kwenye kigoda anawataja ng'ombe wa marehemu kwa Kisukuma. Asubuhi milango ilikuwa imefungwa, mikavu. Nikaona yamekwisha, nikafungasha nije kwenu. Nimeshakata tiketi stendi ya Bariadi, jirani akanipigia: bibi yuko mbugani peke yake na fimbo, anaita, na mbele yake vumbi linatimka bila mnyama. Nilirudi. Tulimkuta nyayo zimechanika. Akanishika mkono akasema "wabeja", asante, kama vile mimi ndiye niliyewarudisha ng'ombe wake. Ningeondokaje tena? Ningemwacha afe huko.

Niliogopa zaidi jana. Bibi alisinzia kigodani, na mimi nikiwa nafunga nikajisikia nawataja ng'ombe mwenyewe. Kisukuma changu hakivuki salamu, unajua. Sikukosea hata mmoja. Baada ya wa mwisho mdomo wangu ukatamka jina la mtu. Bibi akafumbua macho. Ni jina la mumewe, na hapa nyumbani halitajwi. Hakuniuliza nimelisikia wapi. Aliniuliza, "Mkeo amejifungua wa kiume?"

Sikuwahi kumwambia bibi habari za mtoto.

Nisalimie mama mkwe, na shemeji yangu wa cherehani, na baba mdogo anayepasua mbao huko msituni. Mwambie msonobari wake nimeukosea heshima. Neema mpe busu la baba yake. Nimewakumbuka mpaka chakula hakipiti.

Tuliambizana utanisubiri mimi nimtamkie mtoto jina. Usinisubiri. Barua hii nimeiandika upya kwa sababu lile jina lilikuwa linajiandika kila nilipotaka kuandika "mwanangu". Ukimaliza kusoma, kabla hujaikunja, mpe jina la baba yako, umtamkie sikioni. Na nikikupigia simu, kwa sauti yangu hii hii unayoijua, nikakwambia nimempatia mtoto jina, kata.

Mumeo anayekupenda,
Baba Neema