Matusi ya Masanja

Jumapili, 2 Julai 1995

Mikono imechubuka tena. Kamba ya tanga la mbele haina huruma, na glavu za kiwandani ziliisha tangu Pasaka. Misa ya kwanza, chai ya kusimama, kisha bwawani Mindu mpaka mchana. Upepo wa mlimani leo ulikuja vipande vipande. Nimerudi, nimefua, nimepika. Sasa ndiyo naketi.

Mwaka wa pili huu tuko watatu kwenye mashua ya kiwanda. Masanja wa mitambo anashika usukani. Mzee Kibwana wa idara ya kufuma anashika kamba ya tanga kubwa, na mashua ikilala upande anakaa ukingoni na kuegemea nje ili uzito wake uirudishe. Mimi niko mbele. Tanga dogo ni langu, na macho ya kutafuta maboya ni yangu. Mashua yenyewe waliiacha wazungu waliokuja kufunga mashine. Ndogo, ina mkuku wa chuma chini, haipinduki ovyo. Washindani wetu ni mapadri wa seminari na watu wa shamba la mkonge. Mwaka jana tulishika mkia.

Masanja katutukana tangu kutweka tanga mpaka kushusha. Ati sisi Waluguru mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi kwa kulima kwenye mteremko, sasa iweje tushindwe kuegemea? Mzee Kibwana akamwambia anyamaze, Msukuma huyo mla michembe ya viazi, aliyevaa viatu mara ya kwanza siku ya kuajiriwa. Nilicheka mpaka kamba ikanitoka. Nikatukanwa kwa hilo pia.

Jumanne, 4 Julai

Kutwa nzima kushona mahema. Mgongo. Dada kashuka kutoka Mgeta na kabichi, kaniachia nne na maneno mengi. Anauliza kwa nini mtu mzima anapoteza Jumapili kwenye maji.

Alhamisi, 6 Julai

Kiwanda kimeuzwa kweli. Mkurugenzi mpya katoka Dar, kijana, suti, amesoma Ulaya. Kasalimia kila mtu kwa mkono. Kamwamkia Mzee Kibwana shikamoo mbele ya watu wote, Mzee kafurahi kama bwana harusi. Kisha akasema wafanyakazi ni wengi kuliko kazi, na majina ya watakaobaki yatasomwa mapema mwezi wa nane. Tukarudi kwenye mashine.

Mimi sina hofu sana, wenye kuunga mahema wachache. Masanja ndiye pekee anayejua bwela lile la mvuke linavyonung'unika. Mwenye hofu ni Mzee Kibwana. Bado kidogo tu astaafu. Akitolewa sasa anatoka mikono mitupu, na pale Mwembesongo ana mke mgonjwa na wajukuu ambao mama yao kafariki. Ndiye aliyenipokea nilipotoka mlimani sijui hata swichi.

Jumapili, 9 Julai

Mkurugenzi alikuja bwawani. Kumbe alisafiri kwenye mashua huko masomoni, anazipenda. Kapanda nasi, kakaa nyuma karibu na Masanja. Tarehe thelathini ni mashindano na atawaleta wageni wake wa benki waione mashua ya kiwanda. Kasema mashua ni kiwanda kidogo: anayejua nafasi yake majini, anaijua na nchi kavu. Kisha kamtazama Mzee Kibwana muda mrefu kuliko alivyotutazama sisi.

Nikajua. Mzee akifanya vizuri siku ile, atabaki. Mzee naye kajua. Alivuta kamba leo utadhani ana miaka ishirini.

Shida ikaja katikati ya maji. Masanja kafungua kinywa chake. "We Mluguru, mjomba wako ni nyani, vuta hiyo kamba kabla sijakuuza Ngerengere kwa wanajeshi!" Mzee akavuta, akamjibu kwa tusi la mama yake. Mkurugenzi karuka kama kaungua. Tulipofika ufukoni katusimamisha. Kasema hataki ukabila kazini kwake. Hapa hakuna Msukuma wala Mluguru. Amri zitolewe kwa sauti ya kawaida, kwa jina la mtu, kwa tafadhali na asante.

Masanja kajaribu kumweleza kwamba sisi ni watani. Kwamba alipokufa mama yangu, yeye Masanja aliingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku, na wafiwa tukacheka siku ile ya kulia. Mkurugenzi kasema anauheshimu utani, ila mahali pake ni msibani na harusini. Kwao hawana, ndivyo ninavyofikiri.

Hakuna aliyemweleza lile la pili. Hata sijui lingeelezwaje. Kwetu Masanja akitukana, mambo ni shwari, kila mtu aendelee na kazi yake. Akiacha kutukana, akakuita kwa jina na kusema tafadhali, basi acha chochote ulichoshika na ujilaze chini, kuna jambo. Hatukukaa tukapanga hivyo. Ilitokea yenyewe. Mwaka jana alisema "Tekla, tafadhali" mara moja tu, nikalala, boriti la tanga likapita juu ya kichwa changu likivuma.

Alhamisi, 13 Julai

Homa kidogo. Nimeshona hivyo hivyo.

Jumapili, 16 Julai

Mazoezi ya adabu. Tafadhali Mzee vuta. Asante. Tafadhali Tekla legeza. Asante. Kila mara Masanja anaposema tafadhali mwili wangu unatafuta sakafu. Mara mbili nimejilaza sakafuni bila sababu. Mkurugenzi kaniuliza kama naumwa. Mzee Kibwana naye alijilaza, kamba ikamtoka, tanga likapigapiga hovyo. Mkurugenzi kaandika kitu.

Nimechoka kwa kuogopa bure. Kazi ile ile, lakini mwili umekuwa mzito mara mbili.

Jumatano, 19 Julai

Mzee Kibwana kaja kwenye meza yangu saa ya chai. Kasema amejizoeza nyumbani. Mkewe anamwambia "tafadhali" kila dakika na yeye anajikaza asishtuke. Wajukuu wanamcheka. Kaniomba na mimi nijikaze, kwa kuwa tukijilaza ovyo siku ya wageni atatoka yeye, siyo mimi. Nikamwambia sawa baba.

Jumapili, 23 Julai

Tumejikaza. Tafadhali na asante, na hakuna aliyeshtuka. Tumezunguka maboya bila kosa. Mkurugenzi katupigia makofi, kasema sasa ndiyo watu wa kisasa. Tukirudi nilimtania Masanja kuhusu michembe, akatikisa kichwa tu.

Nilipaswa kufurahi. Nilitaka kulala.

Jumapili, 30 Julai

Wageni walikuja, wakakaa kwenye viti chini ya hema tulilolishona wenyewe. Mapadri walikuwa na kofia za jua. Upepo mkali tangu asubuhi, kilele hakionekani kwa mawingu. Mkurugenzi kapanda nasi, kakaa chini nyuma karibu na Masanja. Tuliondoka vizuri. Mkonge tukawaacha nyuma mapema. Mapadri wakawa mbele kidogo tu. Mzee Kibwana alikuwa ameegemea nje kabisa, kanzu kaiacha ufukoni, fulana imelowa, anatabasamu. Nilimwona. Nilijua amepona, jina lake litasomwa.

Kwenye boya la upande wa mlima upepo ukageuka. Ule wa kushuka bondeni kwa ghafla, hauna onyo. Masanja aliuona kabla yetu, maji yalikuwa yanakuwa meusi. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Mzee Kibwana, tafadhali inama."

Mzee alikuwa anafunga kamba. Akasema, "Asante, namalizia."

Boriti likaja upande wa pili kwa nguvu zote. Likampiga begani na shingoni, akaenda majini. Na mimi nililisikia neno lile nikabaki nimekaa wima. Nilinusurika kwa kuwa nilikuwa mbele, basi. Masanja kamwachia mkurugenzi usukani, karuka. Sasa akafungua kinywa, katikati ya maji, akamtukania Mzee ukoo wote kutoka Matombo mpaka Mlali, analia, anamwambia ashike shati lake. Mzee akashika.

Mapadri waligeuza mashua yao wakaja kutusaidia. Mkonge wakashinda.

Jumatatu, 31 Julai

Mtulinga wa Mzee, ule mfupa wa mbele ya bega, umevunjika, na shingo haigeuki. Yuko hospitali ya mkoa. Mkurugenzi kampelekea machungwa na kuzungumza na daktari kwa adabu zote. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mchana nikaenda ofisini kwake. Sijawahi kwenda ofisi ya mkurugenzi yeyote bila kuitwa. Nilimweleza yote, la matusi na la tafadhali. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada Tekla, mtu anayesubiri kutukanwa ndipo afanye kazi, hiyo ni shida."

Nikamwambia, "Hatukusubiri kutukanwa, bwana mkurugenzi. Tulikuwa tunasubiri matusi yakome."

Kasema pole. Kasema atalifikiria. Nikaondoka na hasira hadi naona giza. Kwenye mashine nimevunja sindano.

Jumatano, 2 Agosti

Majina yamesomwa uwanjani, kwa kipaza sauti. Masanja yumo. Mimi nimo. Mzee Kibwana hayumo. Wamesema kwa ajili ya afya yake.

Masanja katoka kwenye mstari, kaenda kusimama nyuma ya bwela. Nikamfuata. Kasema kosa ni lake, angepiga kelele tu, angefukuzwa yeye, angepata kazi Mwanza. Nikamwambia aache ujinga. Halafu nikaona huenda ni kweli. Wote watatu tulijua, na wote watatu tulijikaza.

Jumamosi, 5 Agosti

Nimekwenda Mwembesongo. Mzee Kibwana amerudishwa nyumbani, kaketi kwenye mkeka kafungwa mkono, mkewe anamlisha uji. Nilimwamkia, nikamweleza lililonileta. Nilikuwa nimekuja kumwambia kwamba naacha mashua. Mkurugenzi ameleta mtu mwingine kutoka Dar, Mchaga, kijana wa uhasibu, na anataka tuanze naye kesho. Nilikuwa nimeamua. Sitashika kamba ile tena, liwalo na liwe.

Mzee kanisikiliza. Kauliza huyo kijana ana urefu gani. Nikamwambia mrefu, kumshinda Masanja.

"Basi nenda, mwanangu," akasema. "Usipokwenda, nani atamfundisha kuinama?"

Nililia njiani, mchana kweupe, watu wa sokoni wananitazama.

Jumapili, 6 Agosti

Misa ya kwanza. Bwawani.

Kijana anaitwa Aloyce. Mpole, mikono laini, anauliza jina la kila kamba. Kanishukuru kila nilipomjibu. Masanja hawezi kumtukana, si mtani wetu, kwake yatakuwa matusi kweli. Mimi pia siwezi. Kwa hiyo tulikwenda kimya, na upepo ulikuwa mdogo.

Kwenye boya la upande wa mlima Masanja hakusema kitu. Alinitazama tu. Nikaacha tanga langu, nikamshika Aloyce shingo nikamwinamisha mpaka uso ukagusa mbao. Boriti likapita juu yetu polepole, halikuwa na nguvu yoyote. Kasema asante. Tulipogeuza tena, nikafanya hivyo hivyo.