Nilimwamuru Mgeni Kama Malkia

Mpendwa Bibi Restuta, naomba msaada kabla sijajiaibisha mara ya pili.

Mimi ni Tumpale wa Iyula, nalima kahawa na mama yangu, na Kikorea nimejifunza kwenye simu, kwa zile tamthilia zao za majumba ya kifalme, narudia kila neno na kila mtazamo, na tukiwa tunachuma mimi huwa malkia, mdogo wangu Diana huwa mjakazi, tunacheka mpaka ndoo zinachelewa kujaa, sasa msimu uliopita wakaja wanunuzi kutoka Korea kwenye chama chetu cha ushirika, mkalimani wao akachelewa Tunduma, mwenyekiti wetu Mzee Yesaya akanisukuma mbele, "Haya binti, si unajiona mtaalamu? Ongea!", nikamtazama yule mama mzee anayewaongoza kwa pembe ya jicho, nikamwamuru kwa sauti kavu akae aonje kahawa, kama malkia na mtumishi wake. Wageni wakaangaliana. Kisha mama yule akainama mpaka chini, akanijibu kama mjakazi, wenzake wakacheka hadi machozi, nami sikujua nimefanya nini mpaka mkalimani alipofika akanieleza.

Watarudi mwaka huu kuamua kama watanunua kwetu moja kwa moja, na yule mama ameomba nimpokee mimi. Mama yangu anasema, "We Tumpale, utatukosesha soko, baki shambani." Mzee Yesaya anasema niende. Bibi, natamani sana, lakini naogopa. Niende?

Tumpale mjukuu wangu,

Nimecheka, unisamehe. Sasa nisikilize.

Lugha umejifunza, tena vizuri, maana asiyejua kitu hawezi kuchekesha watu kiasi hicho. Kosa lako ni kwamba ulichukua maneno pamoja na cheo cha msemaji. Ulipokuwa mdogo ukimjibu mkubwa vibaya, shangazi alikufinya, ukajua. Simu haifinyi. Ukaachwa ukijipandisha ufalme peke yako katikati ya mibuni, na hilo si la kujisifia.

Rudia tamthilia zako, safari hii uwe mjakazi, Diana awe malkia. Kisha tafuta hadithi za watu wa leo, za jikoni na sokoni, utazame kijana anavyozungumza na bibi yake. Utaona wanampa mkubwa kikombe kwa mikono miwili, kama ulivyolelewa wewe. Hilo huna haja ya kuigiza.

Mgeni akifika, umwombe radhi kabla ya yote, umweleze ulikojifunzia, umwombe akusahihishe. Aliyekubali kuinama ili usiumbuke hawezi kukataa kukufundisha. Mambo ya bei usiyaguse hata kidogo, mwachie mkalimani. Wewe mtembeze shambani.

Na mama yako usimwache nyumbani. Amkaribishe mgeni kwa Kinyiha chake, wewe utafsiri, asikie mwenyewe mgeni akimjibu kwa kinywa chako. Nenda kwa Mzee Yesaya leo, umwambie umekubali.