Kioo Kipya na Zohali Inayochemka

Rafiki yangu Nyaga,

Kosa la wengi wanaotazama nyota ni kulaumu kioo. Nyota ikitetemeka, husema darubini ni ndogo, wakatafuta kubwa zaidi. Nasi pia tulisema hivyo. Sasa wewe umelala kando ya shamba lako la ndengu, na mimi ndiye ninayeulizwa maswali.

Kioo cha darubini ulichoagiza kilifika baada ya mazishi yako. Nilikifunga mwenyewe, polepole, kwa bisibisi yako ile yenye mpini uliozungushiwa mpira. Ni kipana kuliko kile cha zamani, na kinene sana. Nilipomaliza nikageuka nikuite uje uone. Nikakumbuka.

Mama Wanja alikuja kuitazama sayari ya Zohali. Mke wako, Nyaga, miaka yote hiyo jikoni kwake na kibanda chako cha darubini ni ua mmoja, na kila alipoomba ulimwambia, "Ngoja kioo kipya, mama, uone kitu safi." Kwa nini ulimngojesha? Swali hili halinitoki. Basi aliinama, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwalimu, hii ni Zohali ama ni uji inachemka?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Na hii ndiyo ilikuwa inanilaza peke yangu?"

Nikaifunika darubini.

Ndugu yako Njue anataka kibanda kiwe ghala la ndengu. Simlaumu, mvua ilikuwa njema huko Gachoka na magunia yamejaa mpaka sebuleni. Mama Wanja amesema ataangalia leo jioni, mara moja tu. Akiona uji tena, kesho magunia yaingie, darubini itoke.

Juzi, kabla ya kurudi kwangu Majimbo, mjini, niliweka kiganja mgongoni mwa kioo. Giza lilikuwa limeingia, upepo umepoa, lakini kioo kilikuwa na joto kama sufuria iliyofunikwa. Hapo nikaelewa. Mabati hukipika kibanda mchana kutwa. Kioo kinene hulitunza joto lile, kisha hulitoa kidogo kidogo usiku, na hewa iliyo mbele yake hucheza kama ile unayoiona juu ya lami saa saba mchana. Zohali yenyewe imetulia. Kinachochemka ni hewa yetu.

Nikakumbuka pia kwamba kila nilipofika kwako nilikuta paa la kibanda limeshafunguliwa. Nilidhani ni ile haraka yako. Kumbe ulikuwa unapoza kioo! Hukuniambia, nami, mtu wa kueleza kila kitu, sikuuliza.

Sijui kama itatosha. Kuna mawingu upande wa Kiambere tangu asubuhi. Ninaogopa, rafiki yangu. Wewe umeondoka, darubini nayo ikiondoka, nitakuja huko kufanya nini? Hapa mjini taa zimemeza nyota zote.

Kwaheri, Nyaga. Pete za Zohali akiziona, nakuahidi sitaeleza lolote. Nitanyamaza, atazame mpaka atosheke. Asipoziona, nitabeba magunia pamoja na Njue, kisha nimwambie mkeo kwamba ulitamani azione zikiwa safi, ndiyo maana ukachelewa.

Nimempigia simu sasa hivi, kabla ya kuanza safari, nikamwachia neno moja tu: Mama Wanja, leo, jua likianza kupoa, fungua paa.