Bibi Aliyemnyima Neema Maji

Jumapili, jioni. Manyunyu tangu asubuhi, na Mlima Meru haukujitokeza kabisa.

Tumerudi kutoka Kikwe, kwenye ibada ya shukrani ya marehemu mama mkwe wangu. Baada ya chakula wanawake wakaanza kumkumbuka. Jirani yake akasema, "Alikuwa mkali yule! Neema alipozaliwa alitufukuza. Hata maji ya kumlambisha mtoto alitunyima." Wote wakacheka. Neema mwanangu naye akacheka.

Mimi sikuweza.

Ujauzito wa Neema ulinikuta Sombetini, nikiuza mitumba. Miaka ile kila mtu alikuwa na biashara ya kujaribu, na mume wangu Elia alikuwa Mererani akichimba tanzanaiti. Kliniki ndiyo kwanza walikuwa wameanza kuwapima wajawazito virusi vya Ukimwi. Nikapima.

Nilikuwa navyo.

Nesi alinipa kidonge, nikimeze uchungu ukianza. Mtoto naye angepewa dawa yake ya maji akishazaliwa. Kisha anyonye tu, asipewe maji wala uji, maana kuchanganya kungeongeza hatari ya kumwambukiza, hadi nitakapoambiwa nimwachishe. Akaniuliza, "Nyumbani nani atakusaidia?"

Kwetu mzazi huuguzwa na mama mkwe, na mama mkwe huyo ndiye humlambisha mtoto maji ya sukari. Niliogopa ataniambia nimemuua mwanawe.

Nikaenda Kikwe. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikamweleza yote nimesimama, mkoba ungali begani. Akaacha kumenya, akaweka kisu chini. Nikajua nafukuzwa.

"Hicho kidonge kiko wapi?" akauliza.

"Kwenye mkoba, mama."

"Nipe nikutunzie. Uchungu ukikushika utasahau. Mimi sitasahau."

Na hakusahau. Alininywesha kwa mkono wake kabla hatujaondoka kwenda hospitali. Tuliporudi na mtoto, wanawake wakaja na maji ya sukari. Akasimama mlangoni: "Mjukuu wangu ananyonya tu. Asiyetaka, njia ile pale." Wakamwita mchoyo, mwenye roho mbaya. Hakujitetea hata kwa neno moja. Angejitetea, angenitaja mimi.

Nayakumbuka sana majuma yale. Mtori wake mzito wa ndizi, moshi wa jikoni, sauti yake akimbembeleza Neema kwa Kimeru. Nilikuwa na hofu tele, lakini sijawahi kupendwa vile.

Elia alipimwa pia, baada ya kununa siku nyingi, akakutwa navyo. Dawa za kudumu zilifika akiwa ameshatutoka. Mimi zilinikuta.

Neema alipimwa akiwa ameshaanza kukimbiakimbia. Hakuwa navyo. Mama mkwe alikaa palepale kwenye nyasi za zahanati, khanga usoni, akilia na kumshukuru Mungu hadi watu wakadhani tumefiwa.

Neema anajua ninatumia dawa. Hili la bibi yake hakulijua, maana mwenyewe hakutaka lisemwe. "Waache wanione mkali," alikuwa akiniambia.

Leo tulipofika nyumbani nimemsimulia. Alilia kuliko alivyolia siku ya maziko. Kisha akaniuliza, "Mama, nikiwaambia wale wa Kikwe, utaumia?"

Nimelifikiria swali lake jioni nzima. Jumapili ijayo tutarudi Kikwe, na nitawaambia mwenyewe.

Wamemwita mchoyo vya kutosha.