Kumbukumbu ya Mpiga Picha wa Waliotoka Jela

Mume wangu, mwaka umetimia tangu Jumamosi ile ulipokaa kitini mchana upumzike kidogo, ukapumzika moja kwa moja. Watoto wameniambia niandike mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuvumilia muda mrefu zaidi. Wameniomba pia niache utani. Hilo hawatalipata.

Studio yako ilikuwa chumba kimoja, pazia jeupe na stuli yenye mguu mmoja mfupi. Picha za vitambulisho ndizo zilizotulisha. Walipoanza kuja watu waliotoka gerezani, wameshika karatasi ya kuachiliwa tu, uliwapiga picha kama wateja wengine. Baadaye ukaanza kuwasindikiza mpaka ofisi ya vitambulisho. Mtu asiye na kitambulisho hapangishwi chumba, haajiriwi, hata laini ya simu hauziwi. Ulikuwa ukisema huyo katoka jela lakini bado hajafika nje.

Mwanamume asiye na shati la heshima ulimvalisha lako. Mwanamke ulimvalisha blauzi yangu ya bluu, wala hukuniuliza. Niligundua siku muuza mkaa aliponionyesha kitambulisho chake kipya kwa furaha: sura yake, blauzi yangu. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu niliipiga pasi mwenyewe, maana kola ilikuwa imekunjamana na aibu ingekuwa yangu.

Ulikuwa mpole, lakini hukuwa mjinga. Wapo wanaotaja jina lolote wanapokamatwa, na jina hilo huwafuata mpaka kwenye karatasi ya kuachiliwa. Kwa hiyo wewe hukuuliza mtu anaitwa nani. Uliuliza, "Mama yako akikukasirikia alikuwa anakuitaje?" Wanaume wazima wenye ndevu zao walisimama wima na kutaja majina yote matatu.

Ndivyo ulivyompata yule mwanamke tuliyemwita Kimya. Karatasi yake ilikuwa na jina moja. Ulipomuuliza habari ya mama yake akataja jingine, akaanza kulia. La kwenye karatasi lilikuwa la dada yake. Alilitaja kwa hofu siku ya kukamatwa, akafungwa nalo miaka minne. Binti yake wa miaka sita alikuwa kwenye makao ya watoto, na mlezi mkuu alishasema wazi: mama alete kitambulisho chenye jina lililo kwenye cheti cha mtoto kabla mwezi haujaisha, la sivyo mtoto anapewa familia nyingine.

Ofisi ilitaka ndugu wa damu aape kwamba Kimya ndiye huyo anayesema ndiye. Ndugu aliyebaki ni dada huyo huyo, fundi cherehani, na hakutaka hata kumsikia. Kiwanda kimoja kilimnyima kazi kwa sababu jina lake lilisomeka kuwa la mfungwa. Ulikwenda kwake mara mbili. Mara ya pili alikutoa nje tepu ya kupimia ikiwa shingoni, nawe ukarudi ukiniambia mambo yanakwenda vizuri, kwani safari hii alikuamkia shikamoo kabla ya kukufukuza.

Ulipanga kurudi Jumatatu. Jumatatu ndiyo tuliyokuzika.

Siku ya nne baada ya mazishi Kimya alikuja akasimama mlangoni. Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na moja. Nikachukua faili lako. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kusoma watu sikufundishwa darasani. Nilimpelekea fundi gauni langu akalipunguze kiuno, ingawa kiuno chenyewe nilishaagana nacho zamani. Akaanza kunipima. Anayekupima hawezi kukufukuza, mikono yake imekuzunguka. Hapo ndipo nilipomwambia mimi ni mke wa nani.

Akasimama, pini mdomoni. Akasema mdogo wake kamwibia jina, sasa anatuma wazee waje kumwombea.

"Mwanangu," nikamwambia, "kwenye makaratasi mfungwa ni wewe. Mdogo wako hajalala jela hata siku moja."

Alizitoa pini mdomoni, moja moja.

"Kwa hiyo nisipoapa?"

"Unabaki ndani. Ukiapa, mnatoka wote wawili."

Alimaliza kunipima, akaandika vipimo vyangu ukutani kwa chaki, kwa tarakimu kubwa kuliko ilivyohitajika, kisha akauliza ofisi inafunguliwa saa ngapi.

Kiapo kilipaswa kuliwa mbele ya hakimu, na Kimya aliogopa angemrudisha ndani kwa kudanganya jina. Wewe ulimwahidi kwamba utasimama naye, nikasimama mimi. Dada akaapa. Hakimu alimkemea Kimya mpaka na mimi nikaanza kutubu, halafu akaagiza jina lisahihishwe. Karani wa dirishani pale ofisi ya vitambulisho, uliyekuwa ukimsumbua kila wiki, alilibeba faili mwenyewe meza kwa meza. Kitambulisho kilitoka zikiwa zimebaki siku mbili.

Kule makao, mlezi mkuu alilinganisha kitambulisho na cheti herufi kwa herufi. Akafungua daftari, akampa Kimya kalamu aandike jina lake. Mkono uliozoea miaka minne ukaanza kuandika la dada yake. Kimya akasita, akalikata. Mlezi akamwambia daftari lile huwa halikatwikatwi.

"Samahani," Kimya akasema, "hilo ni la dada. Yuko nje anatusubiri."

Akaandika la kwake, taratibu, mpaka mwisho. Mtoto akaletwa amebeba viatu mkononi. Hakutaka kupoteza muda wa kuvivaa.

Usidhani kazi imelala. Binti yetu anapiga picha, mimi napanga foleni na watu wako. Mwezi huu wako saba, na wote watapata.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, binti yetu na mumewe, mwanao anayeona haya kama wewe, dada yako mkubwa, wajukuu watano, karani wa dirishani, na fundi cherehani pamoja na mdogo wake na mpwa wake. Tumekukumbuka mwaka huu mzima, mume wangu, na tutakukumbuka siku zetu zote.