Ustaz, Nani Sasa Aanze?

Ustaz Ladu,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika, na nataka ulijue hilo mapema, maana najua ulivyokuwa na tabia ya kumwacha mtu aseme yote halafu ucheke. Kufa umekufa, sawa. Moyo wako ulikuwa mbovu na sote tulijua, hilo silihesabu kosa. Lakini kuondoka bila kutuambia wimbo unaanzaje, hapo siwezi kukutetea.

Sikiliza wiki niliyoipitia.

Mama Poni aliona akuenzi. Akatangaza wiki nzima ya jazi klabuni kwake hapa Juba, mtaa wa Nyakuron, Jumatatu mpaka Jumamosi, bendi yako ikipiga kila jioni. Langoni akatundika bango lenye picha yako. Unajua alichagua ipi? Ile ya harusi ya Wani, mdomo umejaa nyama. Nikamwambia zipo picha nyingine, hata mimi ninazo, moja umeshika saksafoni vizuri kabisa. Akasema, "Hii iko inaonyesha yeye na furaha." Watu wakawa wanaingia wakicheka. Nikajua ungeipenda, na hilo nalo likaniudhi.

Halafu akatuita pembeni, mimi, Wani wa ngoma na Abdi wa besi. Hakuzunguka. Wiki ni ya kukukumbuka, akasema, lakini pia ni ya kutupima. Tukishindwa kusimama bila wewe, kuanzia wiki inayofuata jukwaa linachukuliwa na deejay. "Mimi nilipenda Ladu sana. Lakini watu wanataka kucheza, na mimi iko na deejay tayari." Huwezi kumlaumu, klabu ni yake. Nilimchukia kidogo tu.

Jumatatu tukapanda. Kiti chako tulikiacha mahali pake na saksafoni juu yake, kwa sababu Wani alisema ndiyo adabu. Watu walikuwa wengi: wa maofisini, Wakenya wa benki, wale wazee wako wa mtaa wa Juba Na Bari na viatu vyao vilivyong'arishwa. Mama Poni akasema maneno mazuri, watu wakapiga makofi, kisha wakanyamaza kutusikiliza. Nikamtazama Wani. Wani akamtazama Abdi. Abdi akanitazama mimi. Tukabaki hivyo kama wageni mlangoni, kila mtu anamkaribisha mwenzake atangulie.

Wewe hukuwahi kuhesabu. Bendi nyingine zote duniani mtu anasema moja, mbili, tatu, nne, na kazi inaanza. Wewe ulituambia kuhesabu ni kwa wanajeshi na watoto wa nasari. Ulikuwa unawapa watu mgongo, unatugeukia sisi, unatutazama mmoja mmoja mpaka tunaona haya, na mara tunajikuta sote tuko ndani ya wimbo. Jumatatu hiyo Wani alianza peke yake, Abdi akaingia amechelewa, mimi nikaingia nimenuna. Wimbo ukatembea kama punda wa kubeba maji aliyemkataa bwana wake. Hakuna aliyetuzomea. Walitupigia makofi ya pole, na hayo ni mabaya zaidi.

Kesho yake mchana tukakutana tujadili. Nikauliza swali rahisi: ishara ya Ustaz ilikuwa nini? Wani akaapa lilikuwa bega la kushoto. "Likishuka tu, naingia. Tangu tuko Kitale." Abdi akaangua kicheko. Unamjua, asubuhi yote anauza magodoro kwa jumla soko la Konyokonyo, akifika kwetu bado ana hamu ya kubishana. "Bega gani, wewe? Ilikuwa pumzi, wallahi. Alikuwa anavuta pumzi, mimi naisikia." Nami tangu siku ya kwanza uliponiruhusu kupanda jukwaani na tarumbeta yangu, nilikuwa natazama nyusi. Nyusi, Ustaz. Bendi moja, na kila mtu ana kiungo chake anachokifuata. Wani akatoka kuvuta sigara. Abdi akaenda kuswali. Mimi nikabaki na kile kiti chako, na nusura nikipige teke.

Utasema, si mmoja wenu angeanza tu? Nilisema hivyo hivyo. Nikasema nitaanza mimi. Wani akakataa kabisa. Bika yako, yaani matanga, bado iko wazi, mikeka ya msiba haijatolewa uani, dada yako amekwama njiani kutoka Yei kwa sababu ya barabara. Mpaka afike na sala ya mwisho isomwe, mtu asikae mahali pako. "Wewe Keji umekulia Kenya, hujui mambo ya huku," akaniambia, kama vile Kitale alikokaa yeye si Kenya hiyo hiyo. Abdi kwao msiba hauendi hivyo, lakini alimheshimu Wani kwa umri wake. Basi tukapatana tuanze sote kwa pamoja bila mtu wa kuanzisha. Hebu jaribu siku moja huko uliko. Jumatano tulingojana mpaka meza ya nyuma wakapiga makofi wakidhani tumemaliza. Alhamisi mzee mmoja aliomba tu awekewe redio.

Na Alhamisi hiyo hiyo deejay alikuja kutuona. Kijana mpole, nguo safi, salamu kwa mikono miwili. Alikaa karibu na jukwaa, akasikiliza yote bila kugusa simu, na mwisho akatununulia soda. Wiki nzima sikukerwa na kitu kama ile soda.

Ijumaa asubuhi nikaenda New Site kwa mkeo. Mama Kiden alikuwa amekaa kwenye mkeka uani akichambua mboga, na wanawake wa msiba wamelala ndani. Niliona aibu kumsumbua na habari za bendi, lakini nikauliza: Ladu alikuwa anatoa ishara gani? Alinitazama kama mtu mwenye homa. Kisha akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tukuzike, na alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ishara? Ladu alikuwa anaogopa kuanza. Hata kutoka hapa nyumbani, mpaka mimi nisimame kwanza. Aliniambia mwenyewe: mimi nawatazama tu mpaka mmoja wao achoke."

Mpaka mmoja wao achoke! Miaka yote hiyo nimesoma nyusi zako kama Biblia, na wewe ulikuwa umesimama pale unangoja sisi. Nilirudi na boda nikikutukana njia nzima. Yule wa boda akaniuliza kama naongea na simu.

Nikawaambia wenzangu. Wani alikaa chini, mkono mdomoni. Halafu akasema polepole, "Kumbe nilikuwa mimi." Abdi akasema hapana, alikuwa yeye. Wakaanza kugombana kuhusu nani alikuwa anachoka wa kwanza, na Ijumaa jioni kila mmoja akawahi kuchoka kabla ya mwenzake, tukaanza nyimbo tatu kwa mpigo. Mama Poni hakutugombeza. Alienda stoo, nikasikia spika za deejay zikisogezwa.

Jumamosi Mama Kiden akaja. Nguo nyeusi, ameshikwa mkono na jirani, akakaa meza ya mbele kabisa. Wani alipomwona alishuka jukwaani kwenda kumwomba radhi kwamba tunapiga na msiba haujaisha. Mama Kiden alimkatiza. "Bika ni yangu, Wani. Kalas, yatosha, pigeni." Wani akarudi kwenye ngoma zake na macho yamelowa.

Hata hivyo hatukuanza. Wani anatazama kiti, Abdi amefumba macho anasubiri pumzi yako, mkeo anatusubiri sisi, na mimi katikati yao na tarumbeta mkononi. Nikachoka, Ustaz. Nilichoka kwelikweli. Na nyinyi wote, na joto, na makofi ya pole, na soda. Nikapuliza. Kwa kasi mno, kasi ambayo ungenisimamisha na kunirudisha mwanzo. Wani akashtuka, akanifuata. Abdi akatukimbilia, akatufikia karibu na kiitikio, na hapo tukakaa pamoja. Wazee wa Juba Na Bari waliinuka na kuharibu viatu vyao kwenye vumbi. Tulipiga mpaka Mama Poni akasema basi. "Jumamosi ni yenu," akatuambia. "Siku zingine ni za deejay." Tulikubali kabla hajabadili mawazo.

Mengine yote hapa nimekuwa nikizunguka. Hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Wimbo ule wa kwanza ulipokwisha niligeuka kukutazama, nione kama umenuna kwa sababu ya kasi. Nikakumbuka. Na nikatambua kwamba kwa wimbo mzima sikuwa nimekuwaza hata kidogo. Wiki nzima tuligombana kwa ajili yako, tukakungoja, na kwa kukungoja ulikuwa bado uko nasi, unatuudhi kama kawaida. Nilipoanza, ndipo ulipokufa. Kule makaburini sikulia kwa sababu nilipewa tarumbeta nipige. Jumamosi nilifika nyumbani nikalia mpaka mama yangu akabisha mlango.

Bado nimekukasirikia. Ungeweza kutuambia.

Pumzika, Ustaz wangu. Mama Kiden tutamtazama. Jumamosi hii nitaanza mimi, na inayofuata, na nakuahidi kwamba sitakungoja.

Mwanafunzi wako,
Keji